Lifti kwenye mjengo wa mlimani Mwanza: mwongozo kamili toka ramani mpaka siku ya kukabidhiwa

Nyumba zetu za milimani hapa Mwanza zina tabia moja, gari linalala chini barabarani na watu wanaishi juu. Ukijenga Isamilo, Capri Point au Bwiru hilo hulikwepi, kiwanja kimeinuka, mawe yamejaa, na ziwa zuri unaliona ukiwa ghorofa ya juu. Kuna nyumba moja Bwiru niliisimamia mimi mwenyewe, gereji chini alafu ghorofa mbili juu yake, na mwenye nyumba alikuwa anaipenda sana veranda ya juu kabisa maana ukikaa pale jioni jua linazama ziwani mbele yako. Krismasi ya kwanza akamleta mama yake kutoka Magu. Toka gereji mpaka veranda ni ngazi 38. Bi mkubwa alipanda 17, akafika kwenye kona ya ngazi, akatandika khanga yake akakaa, akasema "mwanangu hapa panatosha, nileteeni chai hapa hapa". Siku nne alizokaa alilala chumba cha wageni cha chini kile dirisha lake linaangalia ukuta wa jirani, na veranda hakuiona.

Lifti tuliiweka baadae, kwa kubomoa na kukata slabu, na hela iliyoenda kwenye kubomoa tu ilitosha kabisa kujenga shafti, yaani ile nafasi ya wima lifti inamopanda na kushuka, mwanzoni. Ndo maana nayaandika haya kwa urefu. Lifti inaamuliwa kwenye ramani, kabla hujapiga kigingi hata kimoja. Hata kama hela ya kuinunua utaipata miaka mitano ijayo, nafasi yake iwepo leo.

Hatua ya kwanza: hesabu nani atapanda

Wengi wanaanza na picha ya kebini, kile chumba kidogo mnachosimama ndani ya lifti, ya kioo waliyoiona kwenye simu. Anza na watu. Mama ana miaka mingapi, nani ana magoti, nani ana presha, dada wa kazi atabeba nini kutoka gereji kwenda jikoni, na wewe mwenyewe miaka 20 ijayo utakuwa wapi. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa sentimita 65 mpaka 70, na urefu unakaribia mita 1.2 ukihesabu na miguu ya aliyekaa. Kebini ya mita 1 kwa 1.25 inamtosha mtu wa kiti akiwa peke yake, ila kwetu mzee hapandi peke yake, yupo mjukuu au binti anamsukuma, kwahiyo mimi siku zote nashauri isipungue mita 1.1 kwa 1.4, na mlango uwe na uwazi wa sentimita 90. Mlango wa 80 kiti kinapita lakini vidole vya anayekizungusha magurudumu vinakwaruzwa, nimeviona.

Usiipime lifti kwa sofa wala kitanda. Wala kwa machela, maana machela inataka kebini yenye kina cha zaidi ya mita 2 na hiyo sio lifti ya nyumbani tena. Hivyo vyote vitapita kwenye ngazi, kwahiyo ngazi zako zibaki pana na zenye kona za kugeuzia mzigo. Nyumba yenye lifti bado ni nyumba ya ngazi, na moto ukitokea hakuna mtu anaruhusiwa kuingia kwenye lifti, wote mnashuka kwa miguu huku mtu anapiga 114 ya Zimamoto.

Hatua ya pili: shafti ikae wapi

Chukua ramani za sakafu zote, zipange moja juu ya nyingine kwenye dirisha lenye mwanga, utafute sehemu ambayo toka chini mpaka juu ni mahali pa kupita watu, sio chumba. Lifti inayofungukia kwenye gereji chini, alafu koridoni karibu na jiko ghorofa ya kwanza, alafu karibu na veranda juu, hiyo ndo itakayotumika kila siku. Ile inayofungukia katikati ya sebule inapendeza kwenye picha ila kila mtu akitoka na ndoo ya samaki anapita mbele ya wageni.

Pembeni ya ngazi ndo mahali pazuri kuliko pote kwa nyumba nyingi. Ukuta mmoja unatumika mara mbili, na umeme ukileta shida ngazi ziko hapo hapo. Epuka ukuta wa kichwani kwa kitanda, hata lifti tulivu ina mlio wa mlango na mtikisiko kidogo wa reli zinazoiongoza kebini, na usiku wa saa nane ukimya wa mlimani unaukuza huo mlio. Kama hakuna jinsi, jenga ukuta wa pili ukiacha nafasi ya sentimita 5 katikati.

Sasa hili la mlimani mafundi wengi hawalijui. Kiwanja kikiwa na mteremko mara nyingi chini ya shafti panabaki uwazi, na mtu anasema tupageuze stoo au chumba cha mlinzi. Hapo simama kwanza. Kama kuna mtu anaweza kuwa chini ya shimo la lifti, lazima mwambie muuzaji wa lifti na injinia wako, kwasababu sakafu ya shimo inabidi iwe na nguvu ya ziada na kama lifti ina mawe ya mizani yanayoshuka ikipanda basi hayo mawe nayo yanatakiwa yawe na breki yake ya dharura. Ukinyamaza na stoo ukaitengeneza kimya kimya unamlaza mlinzi chini ya mzigo wa mamia ya kilo unaoning'inia. Dawa rahisi ni kujaza huo uwazi kifusi na mawe, ukaufunga, basi.

Hatua ya tatu: chagua aina ya lifti kabla ya jembe la kwanza

Hapa ndo nakuomba usome taratibu maana aina ya lifti ndo inaamua uchimbe kiasi gani na paa lako liwe na urefu gani.

Lifti ya kamba kama zile za hotelini na maofisini ni nzuri, laini, ina mwendo, lakini kwa kawaida inataka shimo la mita 1 mpaka 1.5 chini ya sakafu ya chini kabisa, na juu ya sakafu ya mwisho inataka kichwa, yaani uwazi wa juu, cha mita 3.5 hivi. Ya haidroliki, ile inayosukumwa na mafuta, matoleo ya nyumbani yanaridhika na shimo la sentimita 15 mpaka 30. Kuna ya skrubu, mota inapanda kwenye skrubu ndefu pamoja na jukwaa lenyewe, hiyo shimo ni sentimita 5 tu na wakati mwingine unaweka kijiteremko kidogo bila kuchimba kabisa, tena inakuja na shafti yake ya chuma na kioo. Na kuna ya bomba la kioo inayonyonywa na hewa, inavutia macho, inasimama juu ya sakafu yoyote, ila kebini nyingi za aina hiyo ni ndogo na ya duara, kiti cha magurudumu kinaingia kwenye saizi kubwa tu, na inapopanda ina kelele ya upepo. Kwa mama mwenye kiti siichagui.

Mwendo usikutishe. Lifti nyingi za nyumbani za Ulaya zinakwenda sentimita 15 kwa sekunde, ndo kikomo chao. Sakafu kwa sakafu mita 3.2, hesabu sekunde 21. Sakafu mbili sekunde 43 hivi. Kijana ataona ni pole pole, mama wa miaka 75 ataona ndo mwendo wenyewe. Ila soma vizuri jinsi inavyoendeshwa, baadhi ya hizi za jukwaa inabidi ushikilie kitufe mpaka ufike, ukiachia inasimama, na mzee mwenye mikono inayotetemeka hilo linamchosha. Uliza mapema kama ina kebini iliyofungwa na kitufe cha kugusa mara moja.

Kwa Mwanza maoni yangu ni haya, kama kiwanja chako kina mwamba juu juu, chukua haidroliki ya nyumbani au ya skrubu. Utaelewa sababu kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya nne: mwamba

Huu mji haukuitwa mji wa miamba bure, lile jiwe la Bismarck pale ziwani kila mtu analipiga picha ila ndugu zake wamelala chini ya viwanja vyetu. Unachimba nusu mita unagonga granaiti. Na granaiti hiyo haiangalii umechora nini.

Njia waliyozoea wapasua mawe wetu ni moto. Wanapanga kuni juu ya jiwe, wengine matairi, moto unawaka usiku kucha, asubuhi unakuta jiwe limepasuka kwa maganda mapana kama ya kitunguu, wanaingiza mtaimbo na nyundo, wanatoa ganda moja, wanawasha tena. Nilisimamia shimo la mita 1.2 kwa njia hiyo, nilikuwa nafika saa moja asubuhi jiwe bado la moto ukiligusa kwa kiganja, mzee mmoja anagonga kwa nyundo anasikiliza sauti, ikilia "ngii" anasema bado zima, ikilia "gwa" anasema hapa limekufa, tupige. Hakuwahi kukosea. Lakini ilituchukua wiki tatu kwa shimo la mita 1.6 kwa 1.8, na moshi wa matairi ukawafukuza majirani, kosa ambalo silirudii tena, matairi hapana. Na moto usiutumie karibu na msingi uliokwishajengwa, mwamba unaobaki nao unalegea na zege la jirani linaungua.

Njia ya pili ni dawa ya kupasulia mwamba. Unatoboa matundu kwa drili kila baada ya futi moja hivi, unachanganya unga na maji, unamimina, unaondoka, usiku dawa inavimba na jiwe linachanika kimya kimya bila moshi wala mshindo. Ni ghali zaidi ila kwenye makazi ndo ustaarabu. Wakati wa kumimina na masaa yanayofuata mtu asiinamie yale matundu, dawa ikipata joto inaweza kuruka juu na ikiingia jichoni ni hatari, miwani lazima. Baruti usiifikirie katikati ya nyumba za watu.

Sasa ukilinganisha wiki tatu za moto na shimo la sentimita 20 ambalo ni sawa na unene wa jamvi lako tu, lile zege la sakafu ya chini, unaona kwanini nasema aina ya lifti ichaguliwe kwanza.

Na mwamba una jambo lingine, haunywi maji. Masika ya mwezi wa tatu mpaka wa tano maji ya mlima mzima yanateleza kati ya udongo na jiwe, yakikuta shimo lako yanaingia na hayatoki, unakuwa umechonga beseni. Kwahiyo upande wa juu wa nyumba weka mtaro wa kokoto na bomba lenye matundu ulio chini kuliko shimo, shimo lenyewe lijengwe zege zito lenye dawa ya kuzuia maji sakafu na kuta kwa mkupuo mmoja kama inawezekana, na kwa kuwa uko mtelemkoni tumia bahati hiyo, weka bomba la kutolea maji upande wa bondeni, mdomo wake uwe na wavu nyoka na panya wasipite. Lisiunganishwe na chemba ya choo. Mimi simwiti fundi wa lifti mpaka shimo limekaa kavu mvua kubwa mbili tatu zimepita.

Wale wa viwanja vya chini kabisa ziwani, kule Luchelele na kwingine, nyinyi shida yenu ni maji kutoka chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inataka ukae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata bila sheria tumeona wenyewe, 2020 ziwa lilipanda likala bustani za watu na 2024 likapanda tena. Kwenye kiwanja cha namna hiyo inua sakafu ya chini na chukua lifti ya shimo fupi, vifaa vya umeme vyote vikae ghorofa ya juu.

Hatua ya tano: watu na karatasi

Fupi tu hapa. Shafti ionekane kwenye michoro ya kibali cha ujenzi unayopeleka Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, usiipenyeze baadae. Msanifu awe amesajiliwa bodi yao, injinia wa nondo naye vivyo hivyo, fundi umeme awe na leseni ya EWURA. Na kabla injinia hajachora, muuzaji wa lifti akupe mchoro wake wenye vipimo vya shafti, shimo, kichwa, uzito unaoshuka kwenye shimo na nguvu inayovuta ukutani. Kebini ya 1.1 kwa 1.4 mara nyingi inaangukia kwenye shafti ya kama mita 1.6 kwa 1.8 ndani kwa ndani, lakini hiyo ni ya kukadiria nafasi kwenye ramani tu, ya kujengea ni ile ya mchoro wa muuzaji wako.

Muulize muuzaji maswali matatu ambayo hayapo kwenye katalogi. Fundi wake yuko Mwanza au anatoka Dar? Kadi ya umeme ikiungua inapatikana ndani ya siku ngapi? Na je, kompyuta ya lifti imefungwa kwa namba za siri za kampuni, au fundi mwingine mwenye ujuzi anaweza kuifungua? Nyumba moja hapa mjini lifti ilikaa miezi minne imesimama kwasababu kampuni iliyoifunga iligombana na mwenye nyumba na namba za siri wanazo wao. Namba hizo ziandikwe kwenye mkataba kuwa utakabidhiwa.

Hatua ya sita: kujenga shafti

Tofali za bloku peke yake hazishiki reli. Bolti ya kutanuka ukiifunga kwenye bloku la mchanga, leo bloku linapasuka, kesho reli inacheza. Kama humwagi kuta za zege nzima, basi weka mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka shafti kila baada ya mita 1 mpaka 1.5, na mwingine juu ya kila mlango, kwa urefu ambao mchoro wa lifti unaonyesha mabano ya reli yatakaa. Juu kabisa kwenye slabu ya mwisho acha ndoano ya chuma iliyofungwa kwenye nondo, ya kunyanyulia mota na reli, injinia akuandikie inabeba kilo ngapi, kwa kawaida tani moja na kuendelea. Acha tundu la hewa juu lenye wavu mwembamba.

Alafu timazi. Dondosha timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni, kutoka juu kwenye kona zote nne, pima kila sakafu, andika kwenye karatasi. Kipimo cha shafti ni ile sehemu nyembamba kuliko zote, sio wastani. Mafundi wakipandisha ukuta wakiwa wanapima na pima maji tu bila timazi ndefu, kila ghorofa inasogea sentimita moja moja na ukifika juu una sentimita nne, reli haipindi kukufuata. Ndani usipige plasta nene ya kupendezesha, hakuna anayeona na inakula nafasi.

Na sasa hili la usawa wa sakafu, maana liliniuma mimi mwenyewe. Kizingiti cha mlango wa lifti kinafungwa wakati nyumba bado iko zege tupu, marumaru hazijalala. Fundi wa lifti anauliza "sakafu ya mwisho iko wapi?" na mtu wa karibu anamjibu kwa kukadiria. Kwenye nyumba nyingine niliyoisimamia nilikuwa sokoni Kirumba natafuta mabomba siku hiyo, kijana wangu akamwambia weka sentimita 8 juu ya zege, na kweli tulipanga hivyo, ila baadae mwenye nyumba akabadilisha marumaru na fundi akapunguza udongo wa chini, tukaishia na kizingiti kilichoinuka sentimita 4 juu ya sakafu. Sentimita 4 mtu mzima anaruka bila kufikiri. Kiti cha magurudumu yale magurudumu madogo ya mbele yanagonga, kiti kinasimama ghafla, aliyekaa anasukumwa mbele. Ilibidi tung'oe marumaru mita 2 kila sakafu tukainua taratibu.

Kwahiyo fanya hivi, siku fundi wa lifti anakuja, chora kwenye kuta za kila sakafu mstari mwekundu ulio mita 1 kamili juu ya marumaru zitakapofika, tumia mpira wa maji au mashine ya leza, andika pembeni "mita 1", na kila fundi wa lifti, wa marumaru, wa milango, apime kutoka kwenye huo mstari na sio pengine. Ukishauchora usikubali mtu abadilishe marumaru bila kukuambia unene.

Kizingiti kiwe juu kidogo sana, milimita 5, na marumaru ziteremke kutoka hapo taratibu. Sababu ni deki. Sisi tunamwaga maji sakafuni, ndoo nzima, tunasukuma kwa mopa. Maji yakiingia shafti yanapita kwenye swichi za milango na lifti inagoma, na mara nyingi shida hizi zinatokea Jumamosi asubuhi, siku ya usafi. Dada afundishwe kwamba mita moja mbele ya lifti ni kitambaa kilichokamuliwa.

Hatua ya saba: umeme na radi

Lifti nyingi za nyumbani zina mota ya kilowati 2 hivi na zinatosheka na fezi moja, volti 230, lakini hakikisha kabla hujanunua maana nyingine zinataka fezi tatu na kuomba fezi tatu TANESCO ni mchakato wake. Waya wa lifti utoke moja kwa moja kwenye meni ukiwa na breka yake peke yake, usichangie na pampu ya maji wala jiko. Weka stabilaiza nzuri kwasababu kadi za lifti haziupendi umeme wetu unaopanda na kushuka jioni.

Radi ndo iogopeni zaidi. Bonde la ziwa Viktoria ni moja ya sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na sisi tumejenga juu ya mlima, na chini ni granaiti ambayo haipokei arthi, yaani njia ya kuupeleka umeme ardhini, kirahisi. Nguzo moja ya shaba iliyopigiliwa nusu mita ikagonga jiwe ikakatwa hiyo sio arthi, ni pambo. Fundi apime kwa mashine, kama namba ni mbaya azungushe waya wa shaba kwenye mtaro mrefu wenye udongo mzuri, au ashuke nao mpaka bondeni. Juu ya hapo weka kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kwenye meni na kingine kwenye boksi la lifti.

Umeme ukikatika mtu akiwa ndani, lifti ya haidroliki inafungua vali kwa betri na inashuka yenyewe kwa uzito wake mpaka mlango wa chini, hiyo ni sababu nyingine naipenda. Ya kamba inahitaji kifaa cha uokoaji chenye betri kinachoipeleka sakafu ya karibu. Hicho kisiwe cha kuongezea, kiwe ndani ya bei toka siku ya kwanza. Na LUKU ikiisha ni sawa na umeme kukatika, kwahiyo uniti zisiachwe zifike mwisho.

Hatua ya nane: urembo

Hapa ndo mjengo wa kifahari unaonekana, na hapa ndo watu wanaiua lifti kwa uzito. Mtu anataka sakafu ya kebini iwe granaiti ile ile ya sebuleni. Piga hesabu, granaiti ya milimita 20 inakaribia kilo 54 kwa mita ya mraba, kebini ya 1.1 kwa 1.4 ni mita 1.54 za mraba, tayari kilo 83. Umempandisha mtu mzima mmoja ambaye hatashuka milele. Kwenye lifti ya kilo 400 hiyo ni moja ya tano imeliwa. Inawezekana kabisa, ila muuzaji aambiwe kabla kiwandani hawajatengeneza, aache na kina cha kuilaza. Au chukua vipande vya milimita 6 vyembamba, macho hayatofautishi.

Kuta za mninga uliopakwa mafuta zinapendeza kuliko chuma kinachong'aa, zinaficha alama za vidole na kebini inakuwa na harufu ya nyumba. Ukuta wa nyuma weka kioo cha kujitazamia, mtu wa kiti cha magurudumu anatoka kinyume nyume na anahitaji kuona nyuma yake. Mshikio pande mbili, vitufe kati ya sentimita 90 na 110 kutoka sakafuni, na kiti kidogo cha kukunja, hicho wazee wanakishukuru sana.

Shafti ya kioo kuelekea ziwani naielewa tamaa yake, nami naipenda. Ila kumbuka ziwa letu kwa nyumba nyingi za Capri Point na Bwiru liko upande jua linapozama, kuanzia saa tisa mchana kioo kinapokea jua kavu na kebini inakuwa tanuri. Kioo kiwe cha kubandika tabaka mbili, chenye kuzuia joto, na hewa iwe na njia chini na juu. Alafu wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi, wanafuata taa. Shafti ya kioo yenye taa nyeupe usiku unawaita wote, asubuhi unakuta wamelala kwenye reli ya mlango kama unga wa dagaa, mlango unasaga, sensa inaona kivuli, lifti haifungi. Taa ziwe za njano hafifu, ziwake mtu anapoita lifti tu, na kila tundu la hewa liwe na wavu ule mwembamba kabisa.

Ukiwa na watoto wadogo, mlango wa nje wa kusukuma kwa mkono uogope kama kati yake na mlango wa kebini panabaki nafasi. Marekani watoto wamekufa kwenye hiyo nafasi, mtoto anasimama katikati, milango miwili inafungwa, lifti inaitwa juu. Wao wamefika mahali pa kutaka mpira wa duara wenye upana wa sentimita 10 usipite pale. Chukua milango ya kuteleza yenye sensa, na kama ni wa kusukuma basi pima kwa mkono wako mwenyewe siku ya makabidhiano.

Kama nyumba imeshasimama, au hela bado

Nyumba ikishajengwa njia nafuu ni shafti ya chuma na kioo nje, imebanwa kwenye kona ya ngazi au kwenye veranda, na unageuza dirisha kuwa mlango. Kukata slabu ndani kunawezekana ila injinia aone nondo zinaelekea wapi kwanza, sisi Bwiru ilibidi tuongeze bimu za chuma pande mbili. Kiungio kati ya nyumba na shafti mpya kizibwe kwa malighafi inayonyumbulika maana vitu viwili vyenye misingi tofauti havikai sawa.

Kama unajenga sasa na hela ya lifti haipo, jenga shafti kamili na shimo lake na mikanda ya zege, alafu kila sakafu ziba uwazi kwa mbao nene juu ya papi imara, weka milango ya kabati, tumia kama stoo. Makabati matatu yaliyokaa moja juu ya jingine. Siku ukiwa tayari unang'oa mbao, unapeleka waya ulioacha tayari kwenye bomba, unafunga lifti bila kuvunja hata tofali moja.

Hatua ya mwisho: kufunga na kukabidhiwa

Vizingiti vinatangulia, ila mota na kebini usiruhusu vifungwe wakati watu bado wanapiga plasta na kukata marumaru, vumbi la simenti linaingia kwenye reli na mota. Na mafundi wasiitumie lifti kupandisha mifuko ya simenti. Watakuomba, uchovu wa ngazi nauelewa, lakini hapana.

Siku ya makabidhiano usisaini ukiwa na haraka, kaa nayo nusu siku. Pandisha uzito kamili ulioandikwa, kwa mifuko ya simenti iliyofunikwa vizuri ni rahisi kuhesabu, kila mfuko kilo 50. Uzito ukizidi lazima ilie na igome. Kisha ingia wewe mwenyewe, ikiwa katikati ya sakafu mtu azime meni, uone inafanyaje na inachukua dakika ngapi mlango kufunguka. Piga simu ya dharura ya kebini, na kama inatumia laini ya mtandao jaribu ukiwa chini kabisa kwenye gereji maana zege na mwamba vinakula mawimbi. Pitisha kiti cha magurudumu chenye mtu kila sakafu, ukipimia kizingiti kwa kidole.

Mama wa yule bwana alikuja tena Pasaka. Alipanda mpaka veranda, akakaa, akaomba chai yake iletwe huko.

Mkataba wa huduma usainiwe siku hiyo hiyo, fundi apite angalau kila baada ya miezi mitatu, na kipindi cha mvua aangalie shimo. Daftari la matengenezo likae ndani ya nyumba. Ufunguo wa kufungulia milango kwa nje ni ule wa pembe tatu, utundikwe mahali panapojulikana, watu wawili wanaolala hapo kila siku, sema dada na mlinzi, wafundishwe na fundi mwenyewe namna ya kuzima umeme kwanza, kuangalia kebini imesimama wapi, ndo wafungue, na kama kebini haiko sawa na sakafu wasimtoe mtu, wakae waongee nae wampe moyo mpaka fundi afike. Ufunguo huo usikae kwenye droo ya mwenye nyumba aliyesafiri Dar.